Bonde Alilolipiga Sekela

Sheria ilikuwa moja: mahali palipopigwa picha kwa kamera ya leseni pasikanyagwe tena, patazamwe pichani tu. Sekela, mpiga picha, alizunguka milimani kwa baiskeli, na nyuma yake walinzi wakafunga njia. Alipolipiga picha bonde la kwao, alidhani mpaka ungeishia mtoni. Ukameza nyumba ya baba yake, mzee Mwakisu, ambaye sasa aliishi kwa Sekela na hakugusa chakula alichompikia.

Jioni moja Sekela alirudi na matope hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

 Mzee alikuwa ameshika kamera ya akiba ya Sekela, nayo ya leseni, ameielekeza sebuleni.

"Baba, tafadhali! Wanangu watalala wapi?"

"Mama yako amelala kule bondeni, na kaburi lake siruhusiwi kulipalilia," alisema mzee, akabonyeza.