Kanga na Punje za Buni

Kanga alipoangua vifaranga wake wa kwanza aliapa hatalala tena, maana Kicheche alikuwa akizunguka kichakani, na yeye aliamini kwamba mama akisinzia tu, mtoto kaliwa. Basi akawa anadonoa buni, punje za kahawa, ili asisinzie, anadonoa tu, macho makavu.

"Lala kidogo, dada, nikulindie," alisema jirani yake Kwale.

"Wewe? Wewe unayekoroma mpaka majani yanatikisika?"

"Buni haifukuzi usingizi. Inaufungia mlango tu, nao unazidi kujazana nje."

Kanga akacheka, akadonoa nyingine.

Asubuhi moja Kicheche akaja waziwazi. Kanga akamtazama usoni, akasema, "Karibu, pita ndani." Kwale, aliyekuwa usingizini, akasikia jani kavu likivunjika, akashtuka, akapiga kelele hata Kicheche akatimka mdomo mtupu.

Kanga akaruka. "Nani? Nani kamkaribisha?"

"Wewe, dada. Umemkazia macho, na humo kichwani hamna mtu."

Kanga akawatazama wanawe, wote wapo. Kisha akaweka kichwa chini ya bawa, akalala.

Aliyelala huamshika, asiyelala utamwamshaje?