Wasia wa Vipande Saba

Sheria ilikataza video yoyote kuzidi sekunde kumi, kwa hiyo wasia wa marehemu Mzee Kombo ulibaki vipande saba. Siku ya arobaini, baada ya hitima, binti yake Mwanakheri aliviunganisha kwa programu ya bure.

"Dada, utafungwa!" alifoka Shaame, mdogo wake, ambaye kipande chake kilisema, "Nyumba namwachia Shaame."

"Waje wanifunge! Au unaogopa kumsikia baba?"

Akabonyeza. Sauti ya mzee ikapita pale ilipozoea kukatika: "Nyumba namwachia Shaame aitunze tu. Mwenyewe ni mama yenu."

Mama, aliyekwisha kufunga mizigo ya kuhama, akaketi.

Shaame akawapigia simu wakaguzi wa video. King'ora kilipokaribia, Mwanakheri alifungua madirisha yote, akaongeza sauti.