Balozi Ndani ya Lifti

Lifti ikatikisika, ikatulia. Taa ikabaki inawaka, mlango ukabaki umefungwa, na sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa adabu kutoka kwenye spika ya darini.

"Kimya!" Balozi akawaambia mke na binti yake, ingawa hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. "Wanaongea na mimi."

Humo ndani walikuwa watu watatu, masanduku mawili, godoro lililokunjwa na sufuria zilizofungwa ndani ya shuka. Binti alibanwa kwenye kona, pua imegusana na godoro. Aliyetaka kupiga chafya ilibidi aombe nafasi kwanza.

Tangu wahamie jengo lile, ghorofa ya saba, lifti ilikuwa imekufa. Ilifufuka asubuhi hiyo hiyo wanayohama. Fundi mwenyewe, mikono imejaa grisi, aliwashikia mlango wakaingiza mizigo, akawabonyezea kitufe cha chini, akawapungia mkono, akauachia mlango ukajifunga.

Treni ilikuwa inaondoka saa nne. Ikiwaacha, basi tena: ile kazi ya shamba la kuku, huko reli inakoishia, ingepewa mtu mwingine jioni. Balozi alishaamua. Mji wa watu umemchosha, alisema, wenyewe wanaongea lugha yao mbio kama wanaofukuzwa. Kuku hawamsemeshi mtu. Binti alilia wiki nzima kwa ajili ya shule yake. Mama alisema "sawa", akaanza kufunga sufuria.

Hilo jina la Balozi alipewa na mkewe, maana yeye ndiye alikuwa mdomo wa familia. Ofisini yeye, hospitali yeye, dukani yeye. Mkewe aliosha vyombo nyuma ya mkahawa, "na sahani haziongei," Balozi alipenda kusema. Kuna siku alitumwa dawa ya kikohozi, akarudi na chupa kubwa ya bluu. "Huku wanatumia hii," akatangaza. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuiweka kando ya brashi ya choo. Balozi akamwonea huruma kwa usahaulifu.

"Amesemaje?" Mama akauliza sasa.

Balozi akabonyeza kitufe. Sauti ikarudia. Akalidaka neno "mlango", akalidaka na "tafadhali". Yaliyobaki akayajaza mwenyewe.

"Anasema tafadhali tusiguse mlango. Tumekwama katikati ya ghorofa. Mafundi wanakuja."

"Baba, mbona amesema..." binti akaanza.

Mama akamtia biskuti mdomoni. "Mwache baba yako afanye kazi."

Joto likapanda. Balozi akavua koti, akakosa pa kuliweka, akalivaa tena. Kila baada ya muda alibonyeza, akapaza sauti kwa maneno machache ya kigeni aliyokuwa nayo, na yule mwanamke akamjibu kwa upole ule ule.

"Wamefika wapi?" Mama akauliza.

"Ghorofa ya tano. Wana kamba."

"Wako wangapi?"

"Wawili. Mmoja mnene, ndiyo maana wanachelewa."

"Masikini. Waambie wasikimbie, wataumia bure."

Balozi akatazama saa yake. Jasho likamwingia machoni. Kuta zile zilikuwa zimesogea, angeapa. Ghafla akarudi nyuma nusu hatua, ndiyo nafasi yote iliyokuwepo, akainua bega.

"Nauvunja! Potelea mbali!"

"Balozi!" Mama akamkamata koti kwa nguvu. "Si wamekwambia usiuguse? Unataka kutuua na mtoto?"

Bega likashuka. Binti akafungua mdomo tena, akakutana na biskuti ya pili.

Mbali, upande wa stesheni, ikasikika honi ndefu ya treni. Ikalia, ikafifia, ikaisha. Balozi akaketi juu ya sanduku, akajifunika uso kwa viganja.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa nje. Mzee wa chumba cha chini alikuwa amesimama na mbwa wake, nyuma yake barabara yote ikiwaka jua. Akawatazama, akatazama godoro, akauliza kitu. Balozi akainuka, akakohoa, akatabasamu, akasema "asante".

Mama akajibu kwa lugha ile ile, nyuma ya bega la mumewe. Aliongea mbio, kirefu, bila kutafuta neno, na mzee akacheka mpaka kamba ya mbwa ikamponyoka.

Balozi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Ame... amesemaje?"

"Anauliza kwa nini hatukusukuma mlango."

"Na wewe umemjibu nini?"

Mama akamshika binti mkono, wakatoka.

"Nimemwambia tulikuwa tunangoja treni iondoke."