Pikipiki Iliyokuwa Safarini

"Mkopo wa tanuri umekataliwa, dada Sikudhani," afisa mikopo alimwambia. "Bima ya pikipiki yako hujihuisha yenyewe kila mwaka, nawe hulipi. Jina lako limechafuka kwa wakopeshaji wote."

"Pikipiki ipi? Ile iliyoungua? Kaka, kuku wangu anatagia humo!"

"Kwenye kompyuta inatembea. Tena haijawahi kupata ajali."

"Nani aliyekuwa akiihuisha?"

"Hakuna mtu. Bima haifi mpaka mwenyewe uandike barua ya kuisitisha."

Sikudhani alikuwa ameingia na harufu ya hamira mikononi na maneno makali mdomoni. Alichukua mkoba wake, akatoka. Miaka yote aliyooka mikate kwa jiko la mkaa, pikipiki yake ilikuwa ikiendelea kuishi mahali asipopaona.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja uani. Kiunzi cheusi kilikuwa kimeegemea ukuta, bila magurudumu, na kuku alikuwa amelalia mayai pale palipokuwa na kiti.

"Kumbe uko safarini," alikinong'oneza.

Alimwinua kuku taratibu, akapitisha kiganja chini yake. Chuma kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameshuka sasa hivi.