Maganda ya Karanga

Mwakio alikuwa amelala chali ndani ya gari, kichwa chini ya dashibodi upande wa abiria, akifungua feni ya joto iliyokufa zamani. Kesho mkewe, Malemba, angekuja kuchukua cherehani, kitu chake cha mwisho katika nyumba ile, na Mwakio ndiye angemrudisha stendi.

Jirani yake, Mama Righa, alichungulia juu ya ua. "Baba Mkamburi! Miaka mitatu mwenzio anatetemeka humo, leo ndiyo umekumbuka?"

"Kuna baridi, jirani."

"Sasa ili iweje? Aondoke na miguu ya moto?"

Mwakio alilegeza skrubu ya mwisho, akavuta. Feni ya zamani ilichomoka, mapanga yake yamejaa maganda ya karanga. Malemba alizoea kummenyea moja moja, akimtia mdomoni huku yeye akiendesha.

Alifunga feni mpya, akawasha gari, akaketi kwenye kiti cha Malemba na kuvua viatu. Injini ilipopata moto, joto likaja taratibu vidoleni. Ganda moja jekundu likapeperuka kutoka ndani, likatua gotini mwake. Hakulipangusa.