Kiti cha Mama Ngedere

Ngedere aliunda ndege ndogo ya jeti ya kuwavusha wanyama kutoka mlima hadi mlima. Siku ya safari ya kwanza, Pimbi, mwenye kushuku kila kitu, alimuuliza, "Mbona hatujaiona ikiruka?"

"Niliijaribu alfajiri, mkiwa mmelala."

"Hata mngurumo hatukuusikia?"

"Injini yake ni ya kimya," Ngedere akajibu. "Kama mna shaka, tazameni! Mama yangu mzazi ndiye wa kwanza kupanda."

Mama Ngedere akaketi kiti cha mbele. Wanyama wakaona haya kwa shaka yao, wakapanda mpaka viti vikajaa. Pimbi akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Huko uendako unakwenda kwa nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Siendi popote. Mwanangu kaniambia nikae mpaka mjae, kisha nishuke kabla haijawashwa."

Swala akafungua mkanda, na wengine wakafuata. Hapo bibi naye akaelewa. Akainuka, akamwita mwanawe.

"Njoo, baba, ukae wewe hapa."

Ngedere akakitazama kiti, akazitazama mbawa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bado kuna kazi kidogo ya kufanya."