Nilikuwa Macho

"Nilikuwa macho," mama akasema kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu karani wa malalamiko akaandika kwamba mgonjwa anadai alikuwa macho.

Anadai! Neno hilo lilimuuma kuliko mshono. Siku ya nne tu tangu apasuliwe, kashuka ngazi akijishika tumbo, hasira ndiyo iliyomfikisha ofisini hapo, halafu anaambiwa anadai.

Akawaeleza upya, karani na daktari aliyempasua, aliyeketi pembeni akichezea kifuniko cha kalamu. Dawa ya kulegeza mwili ilimshika barabara. Ya usingizi haikumshika kabisa. Kisu alikisikia kikipita. Alitaka kupiga kelele, hata ukope ukamkatalia.

Na maneno aliyasikia. Daktari huyu huyu alisema, "Ukali wote ule, leo kimya." Wauguzi wakacheka. Yeye mezani, tumbo wazi, wao wanacheka!

Daktari hakukana. Alisema, macho sakafuni, kwamba dawa zina mambo yake, mtu huota, na ndoto nyingine hufanana na kweli. Vipimo vyote vilionyesha amelala fofofo.

"Vipimo vilikuwa nje, mimi nilikuwa ndani," akasema mama. "Kitanda usichokilalia, utawajuaje kunguni wake?"

Hakutaka fidia, wala kuombwa radhi. Alitaka mashine ile ya usingizi isimamishwe, tena sasa hivi, maana saa tano angelazwa mezani pale mwalimu wa chekechea aliyepakana naye vitanda wodini. Binti wa watu, tangu alfajiri anatetemeka. Naye apasuliwe anasikia? Hawa watu wana roho gani? Mtu anawaambia jambo lililompata ndani ya mwili wake mwenyewe, wao wanamtolea makaratasi!

Karani akasema utaratibu haumruhusu kusimamisha mashine. Malalamiko ya namna hii yana jibu lake. Akafungua droo, akatoa barua iliyokwisha kupigwa chapa, imebaki nafasi ya jina tu. Ilisema kwamba alichokisikia mgonjwa ni ndoto za dawa, na kwamba hospitali haisimamishi mashine kwa sababu ya ndoto.

Mama aliisoma mpaka mwisho. Akauliza ni mpumbavu gani aliyetunga upuuzi huu, aitwe, aje amwambie usoni kwamba aliota.

Karani alimtazama daktari, asaidiwe. Daktari akarudia kifuniko chake cha kalamu.

"Ni wewe, Daktari Mkuu," karani akasema taratibu. "Kabla hujastaafu. Wagonjwa kumi na mmoja walikuja kulalamikia mashine hiyo hiyo, na wote uliwajibu kwa barua hii, ukatia sahihi mwenyewe."